Kamba ya Bi Chausiku

Juzi asubuhi, nikiwa jikoni nachambua mchicha, alipita yule kaka wa dawa za wadudu. Mnamjua, kila mtaa una wake. Ana baiskeli, kipaza sauti kimefungwa kwenye usukani, na sauti iliyorekodiwa inajirudia mpaka betri iishe: sumu ya panya, dawa ya mende, kunguni, viroboto, papasi, wote wanakufa palepale. Nimeizoea kama nilivyozoea honi za bodaboda, hainisumbui tena. Ila juzi waliongeza kitu mwishoni. Sauti ya dada mmoja, changamfu kweli, ikasema: na dawa ya nyoka pia ipo, weka mlangoni, nyoka hasogei.

Nikaacha mchicha. Nikajikuta nacheka peke yangu, kicheko kibaya, kile cha mtu aliyechukizwa. Jamani, mtu anakuuzia dawa ya kumfukuza anayekula panya, na kwenye mfuko uleule anakuuzia sumu ya panya! Nilitaka nitoke nimwambie. Lakini nimwambie nini, naye alikuwa ameshakata kona? Nikarudi kwenye mchicha wangu, macho yakaanza kuniwasha, na mie kitunguu nilikuwa sijakigusa.

Wacha niwaeleze, maana hili nimekaa nalo muda mrefu.

Tulikuwa wapangaji Mbagala. Baba yangu, Mnyakyusa wa Tukuyu, alikuwa karani kwenye yadi ya makontena kule Kurasini. Mama alikuwa anashona nguo nyumbani. Mie nilikuwa darasa la tatu. Tulikaa vyumba viwili kwenye nyumba ya bibi mmoja Mndengereko, Bi Chausiku, mjane, aliyekuwa akiishi chumba cha mbele peke yake. Nyumba zenyewe mnazijua: korido katikati, vyumba huku na huku, na uani kuna jiko, choo na stoo. Stoo ya Bibi ilikuwa na kuni, vifuu, na magunia ya mpunga aliyoletewa kutoka shambani kwake Rufiji. Nyuma ya ukuta wa stoo kulikuwa na mashine ya kusaga, kwa hiyo utoto wangu mzima ulinuka pumba. Nywele zilinuka pumba, madaftari yalinuka pumba, na nguo za watu alizoshona Mama zilikwenda harusini zikinuka pumba.

Mahali penye mpunga upande huu na mashine upande ule, unategemea panya wa kumwaga. Na kweli majirani walikuwa nao. Kwetu, unaweza kuacha mkate mezani usiku kucha ukaukuta asubuhi mzima. Mama alidhani ni kwa sababu ya usafi wake, na alijisifu kwa hilo mtaa mzima bila aibu.

Bi Chausiku alikuwa na lugha mbili, ya mchana na ya usiku. Jua likishazama, kuna vitu kwake havitajwi. Sindano haitajwi. Chumvi haiombwi kwa jirani. Mluzi ndiyo usithubutu, atakuuliza unamwita nani. Na nyoka, baada ya magharibi, haitwi nyoka, anaitwa kamba. "Ukimtaja jina anasikia," alikuwa akisema, "na akisikia atakuja kutazama nani kamwita." Mama, mtu wa kwaya, aliyaona hayo mambo ya kizamani. Baba hakuyaona kitu chochote, kwa sababu hakuwahi kukaa barazani muda wa kutosha kuyasikia.

Na lugha ya mchana nayo ilinichanganya. Watu wazima walikuwa wakisema kwa sauti ya chini kwamba Bibi ana sukari. Mie nikaelewa hivyohivyo: ana sukari, nyingi, na hatoi. Kwetu sukari ilikuwa inapimwa kwa kijiko, Mama amesimama hapo anatazama. Halafu huyu anakunywa chai ya rangi isiyo na kitu, eti ana sukari! Nikamwona bahili wa ajabu, anayeficha utamu wake stooni na kunywa chai chungu mbele yetu ili tusimshuku.

Basi siku moja mchana, nikijua Bibi amelala, nikaingia stooni kuitafuta hiyo sukari.

Ndani kulikuwa na joto, na mwanga ulipita kwenye matundu ya misumari ya bati. Nikapanda juu ya kuni. Kule mwisho, juu ya magunia, alikuwepo nyoka. Wa rangi ya udongo, mnene kama mpini wa jembe, amejikunja vizuri. Mdomoni mwake ulining'inia mkia wa panya, na ule mkia ulikuwa unazidi kuwa mfupi. Nilifungua kinywa nipige yowe. Nikahisi mkono begani.

"Tulia," akasema Bi Chausiku. "Anakula. Wewe unapenda kusumbuliwa ukila?"

Tulisimama pale, mkono wake begani kwangu, mpaka mkia ukaisha. Kisha akanitoa nje, akanikalisha kwenye kinu kilicholazwa, akanifundisha kama mtu anayemfundisha mtoto kusonga ugali. Huyu hana sumu. Si swila, si kifutu. Kifutu mfupi, mnene, mvivu, anakaa tu njiani, na ukimwona unarudi ulikotoka unaita wakubwa. Huyu ni wa nyumba, anaingia na kutoka kwa tundu lililo chini ya ukuta, na yupo tangu marehemu mumewe yu hai. Kama si yeye, basi mama yake. "Kapanga kwangu kabla yenu," akasema. "Kodi yake panya. Hajawahi kunicheleweshea."

Akaniambia nisimwambie mtu. "Nyie watu wa bara mkisikia nyoka mnaokota fimbo kwanza, kuuliza baadaye. Na wa hapa siku hizi ni hivyohivyo."

Nikaahidi. Halafu, kwa kuwa nilikuwa nimeshakamatwa hata hivyo, nikamwuliza sukari yake iko wapi. Alicheka mpaka akashika nguzo. Kisha akaipapasa miguu yake akasema, "Imo humu, mjukuu wangu. Inakula taratibu."

Sikuelewa. Nilichojua kuhusu miguu ya Bibi ni kwamba ilikuwa na vituko. Alikuwa akitoka chumbani na kandambili mbili, akifika uani na moja, nyingine imebaki katikati ya korido, naye hana habari. Sie watoto tulikuwa tukiiokota na kumkimbilia nayo tukichekelea. Naye alikuwa akicheka pamoja nasi, akituita wambea.

Masika yalipoanza, jioni moja upepo uliinua bati la choo likawa linagongagonga. Baba alikuwa ndiyo kwanza amerudi kazini. Mie nilitumwa dukani kununua mafuta ya taa, kwa hiyo haya yanayofuata nayasimulia kwa mdomo wa Mama, aliyekuwa uani anaanua nguo. Bibi alikuwa amemaliza kuswali magharibi, bado amekaa juu ya mkeka. Baba akamwamkia, akaitikiwa, kisha akauliza:

"Bibi, eti stooni kuna kamba?"

Mama anasema uso wa Bibi uling'aa.

"Ipo, baba. Nani kakwambia?"

"Nimeuliza tu. Iko upande gani?"

"Juu ya magunia, kule mwisho. Ya siku nyingi hiyo. Wala haina neno."

"Naweza kuiona?"

"Kaione. Ila usiishike, baba. Iache palepale, ina kazi yake."

Mnaona lilivyotokea? Baba alitaka kamba ya kufungia bati. Bibi, na jua limezama, alisikia mpangaji wake wa bara amemgundua yule wa stooni, na hakuja na fimbo, amekuja na adabu, akimwita kwa jina la usiku kama mtoto wa kwao. Ndiyo maana uso uling'aa. Na Baba aliposikia usiishike, alijisemea kwamba watu wa pwani hawajui kukunyima kitu waziwazi, wanakuzungusha. Akaamua ataichukua, afunge bati, airudishe kukipambazuka bila bibi wa watu kujua.

Akaingia stooni, giza limeanza, akapeleka mkono juu ya magunia, akashika.

Nilikuwa kwenye kona ya mashine na chupa yangu ya mafuta niliposikia yowe. Sikuwahi kumsikia Baba akipiga yowe. Lazima niwaambie jambo moja ili msimhukumu vibaya: kaka yake wa kumfuata aligongwa na nyoka kwenye migomba kule Tukuyu, wakiwa wadogo wote wawili, akafia mgongoni kwa baba yao wakiwa njiani kwenda zahanati. Baba yangu alikuwa akikimbia nyuma yao. Mtu wa namna hiyo huwezi kumwambia nyoka hana neno.

Vijana wa mashine walikuja na makoleo na mipini. Nilipofika uani, Bi Chausiku alikuwa amesimama kwenye mlango wa stoo, ametanda mikono, mtandio umemwanguka.

"Msimuue! Kamkosea nani? Semeni, kamng'ata nani?"

"Bibi, toka hapo, utaumia."

"Sitoki!"

Wakamsogeza. Hawakumsukuma, nisiwasingizie, walimsogeza kwa heshima zote, shikamoo juu, huku wanaingia. Yule nyoka hakupigana. Alikuwa anatafuta tundu lake. Wakamtoa nje kwa koleo, na Baba ndiye aliyempiga pigo la mwisho. Pale chini, kabla ya kutulia, yule nyoka akamtapika panya mzima, mkubwa, amelowa. Watu wakapiga kelele wakarudi nyuma.

"Tazameni," Bibi akasema. "Tazameni alichokuwa anafanya."

Hakuna aliyetazama. Kijana mmoja akaninyang'anya chupa ya mafuta ya taa, wakamchoma palepale uani, maana eti nyoka asipochomwa mwenzake huja kulipiza. Harufu ile ilifunika hata harufu ya pumba. Mie nililia, Mama akadhani nimeogopa, akanikumbatia na kunifunika uso kwa khanga. Nilikuwa nimefiwa, na sikuwa na wa kumwambia.

Baba ndipo akamgeukia Bibi kwa hasira. "Umeniambia kamba!"

"Nimekwambia kamba, ndiyo. Ulitaka nimtaje jina lake na magharibi yote hii?"

Wakatazamana. Nadhani wote wawili walielewa saa ileile nini kimetokea, na kuelewa hakukusaidia kitu. Bibi akaokota mtandio wake, akaingia ndani, akafunga mlango. Kesho yake Baba alinunua saruji, akaziba lile tundu la ukutani, akalisawazisha vizuri kwa mwiko. Mtaani ikaenea kwamba Bi Chausiku anafuga nyoka, na kwetu anayefuga nyoka mnajua anavyoitwa.

Panya hawakuchukua muda. Kwanza ni sauti darini, kama mtu anaburuta viatu. Kisha sabuni ikaliwa, daftari langu la hesabu likaliwa, kitambaa cha harusi ya watu alichokuwa anakishona Mama kikatobolewa, na Mama akaacha kujisifia usafi. Mpunga wa Bibi ulimwagika kwenye matundu ya magunia. Tukaweka sumu. Akafa paka wa jirani, wakafa kuku wawili watatu, na yule bundi aliyekuwa akilia kwenye mkorosho nyuma ya mashine hakusikika tena. Watu wakafurahi, maana bundi ni kisirani. Panya wakaongezeka.

Mnajua wanavyosema, panya anauma huku anapuliza. Ni kweli, si methali tu. Anakuja ukiwa umelala, anatafuna ngozi ya kisigino, halafu anakupulizia kidogo upoe usiamke. Lakini mtu mzima wa afya huamka tu. Mie niliamka usiku mmoja nikipiga kelele, kidole gumba kinawaka moto. Baba naye aliamka akitukana kwa Kinyakyusa. Tukaanza kulala na soksi, na joto lote lile la Dar.

Bi Chausiku hakupiga kelele hata usiku mmoja. Mama alisema labda panya wanamwogopa.

Asubuhi moja nikitoka kwenda shule nilikuta alama kwenye saruji ya korido. Nyayo. Zilitoka mlangoni kwa Bibi zikaelekea uani, za mguu mmoja tu, nyekundu. Nilizifuata. Bibi alikuwa uani anafagia, anaimba polepole, na kila alipokanyaga aliacha doa.

"Bibi, unatoka damu."

"Wapi?" Akatazama mikono yake. Alitazama mikono, wenzangu. Nikamwonyesha mguu. Akauinua, akaugeuza, akaona kisigino na vidole viwili vilivyoliwa mpaka nyama. Akakaa chini pale alipokuwa, fagio mkononi. "La haula," akasema.

Baba ndiye aliyembeba mgongoni mpaka barabara kubwa kutafuta teksi. Walikuwa hawajasemeshana tangu siku ya nyoka, salamu tu. Mie sikwenda shule, nilikimbia nyuma yao na kandambili zake mkononi. Hospitali, nesi alimsafisha huku akimweleza Baba kwa ile sauti ya watu wanaoeleza jambo hilohilo kila siku: mwenye sukari ya muda mrefu miguu hufa ganzi. Haisikii moto, haisikii msumari, haisikii panya. Ndiyo maana inabidi kitu kisiifikie kabisa.

Nikazitazama zile kandambili mkononi mwangu, na kicheko chetu chote cha kwenye korido kikanirudia. Bibi hakuwa akiisahau ndala. Hakuwa akijua kwamba imemvuka mguuni.

Kidonda kilikataa kupona. Kwanza walikata vidole. Baadaye, baada ya wiki nyingi za kwenda na kurudi, wakakata mguu chini ya goti. Siku hiyo Baba alirudi nyumbani akakaa kwenye kinu, palepale nilipokalishwa mie, akalia wazi mbele yetu. Mama akatuashiria tumwache.

Kesho yake alinichukua twende tukamwone. Baba alipiga magoti kando ya kitanda, mtu mzima na shati lake la kazini, akasema, "Bibi, nisamehe. Mguu wako nimeukata mimi."

Bi Chausiku alijigeuza kumtazama. Alikuwa amekonda, na macho yamekuwa makubwa.

"Ningekwambia mchana, ungemwacha?" akauliza.

Baba alikuwa mtu mkweli. Alifikiri. "Hapana," akasema.

"Basi tuache hilo. Nimekusamehe. Lakini lile tundu uliloziba, kazibue. Bado nimebaki na mguu mmoja."

Sijaona tena ushujaa kama ule. Jumamosi hiyo Baba alichukua nyundo na tindo, akajifunga taulo mikononi, akapiga magoti mbele ya ukuta wa stoo. Kila alipopiga alirudi nyuma kidogo, kama vile nyoka angemrukia kutoka ndani ya saruji. Jasho lilimtiririka. Vijana wa mashine walikuja kuchungulia wakamcheka, karani mzima anawafungulia nyoka mlango. Alibomoa mpaka mwanga wa upande wa pili ukaonekana, akalainisha kingo kwa kidole, akajaribu kupitisha kipande cha mpira wa maji kuona kama njia ni nyofu.

Bibi aliporudi, tulimfunga soksi kila usiku, Mama akamshonea na mfuko wa turubai wa kuingiza mguu uliobaki. Mchana alikaa uani kwenye kiti chenye mto, ameelekea stoo. Mie nikitoka shule nilikuwa nikienda kulala kifudifudi mbele ya tundu na kunong'ona ndani. Nilimwambia nyoka kwamba tumekoma. Nilimwambia Baba amebadilika, fimbo ametupa, aje tu hata mara moja atazame. Niliongea mchana peupe, kwa jina lake halisi, ili asikie.

Haikuja kamba, hakuja nyoka. Bi Chausiku aliishi masika mengine mawili, akafariki, tukamsindikiza Rufiji, na tundu likabaki wazi.

Mie mtoto nilikuwa na maelezo yangu: nyoka wamesusa. Nilijua kususa ni nini, nilikuwa bingwa wa kususa chakula, na nilijua anayesusa ukimbembeleza vya kutosha hurudi. Nikabembeleza mpaka tukahama. Imenichukua miaka mingi kuukumbuka vizuri mtaa wenyewe ulivyokuwa mwaka ule: mikorosho ya nyuma ya mashine inakatwa kupima viwanja, vichaka vinachomwa, na karibu kila wiki watoto wenzangu wanapita wakiimba, wamebeba nyoka kwenye mti, wa kijani, wa kahawia, mdogo, mkubwa, na wakubwa wanawapigia makofi.

Hakuna aliyekuwa ametususia. Walikuwa wamekwisha.